Gharama ya nyonga na goti bandia: ankara imejengwa na nini, na familia ijipange vipi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KWA familia nyingi nchini, maneno "kubadilisha nyonga" husikika kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha daktari, na swali linalofuata huwa ni moja tu: shilingi ngapi? Jibu hutolewa kwa tarakimu moja kubwa. Familia huondoka nayo, na kuanzia jioni hiyo mazungumzo ya nyumbani huhusu shamba lipi liuzwe, nani aombwe mchango na nani akakope. Ni nadra tarakimu hiyo kufumuliwa mbele ya mgonjwa ikaonekana imejengwa na nini. Makala haya yanajaribu kuifumua, kwa sababu sehemu ya gharama hizo haiepukiki, sehemu nyingine hupungua kwa kupanga mapema, na nyingine hulipwa mara mbili kwa kutojua tu.

Tuanze na upasuaji wenyewe. Kiungo cha nyonga ni mfano wa mpira unaozunguka ndani ya kikombe. Kichwa cha fupa la paja kimevikwa gegedu laini, na kikombe cha nyonga vivyo hivyo. Gegedu likiisha, mfupa husuguana na mfupa, na mtu hushindwa hata kuvaa kiatu mwenyewe. Daktari bingwa hukata na kuondoa kichwa kilichoharibika, hupachika shina la chuma ndani ya fupa la paja, huweka kikombe kipya, na kati ya vitu hivyo viwili huwa na plastiki ngumu ya polithini. Kwenye goti, nyuso zilizochakaa za mifupa hunyolewa na kuvikwa chuma, kisha plastiki huwekwa katikati.

Msingi wa upasuaji huu uliwekwa na daktari Mwingereza John Charnley katika hospitali ya Wrightington mwanzoni mwa miaka ya 1960. Matokeo yake yamekuwa mazuri kiasi kwamba mwaka 2007 jarida la kitabibu la The Lancet liliuita upasuaji wa kubadilisha nyonga upasuaji wa karne. Mwaka 2019 jarida hilo hilo lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za muda mrefu zilizohusisha Australia na Finland: takribani nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, na magoti bandia kamili yanayodumu muda huo ni takribani 82 kati ya 100. Takwimu hizo ni za mataifa yenye mazingira tofauti na yetu, lakini zinatupa namna ya kuipima bei. Fedha zinazoonekana nyingi siku ya kulipa hununua kitu kinachotarajiwa kutumika kwa miaka mingi.

Hapa Tanzania, wanaohitaji huduma hii si wazee pekee. Wapo wenye magoti yaliyosagika kwa umri na uzito. Wapo waliovunjika shingo ya fupa la paja kwa kuteleza bafuni. Wapo vijana wa miaka 20 na 30 wenye selimundu, ugonjwa unaoweza kuziba mishipa midogo ya damu hadi kichwa cha fupa la paja kikafa na kuporomoka. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo. Na wapo waliopata ajali za pikipiki, mivunjiko yao ikaunga vibaya, na miaka michache baadaye kiungo kikachakaa kabla ya wakati. Kijana wa namna hii ana hesabu ngumu kuliko mzee: akiwekewa nyonga akiwa na miaka 28, yapo matarajio halisi kwamba atahitaji nyingine maishani mwake, na upasuaji wa kurudia huwa mgumu na wa gharama kubwa kuliko wa kwanza.

Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ndiyo kitovu cha huduma hizi nchini, na hospitali nyingine kubwa za rufaa nazo zimejenga uwezo wa kuzitoa. Kuwepo kwa huduma ndani ya nchi kumebadilisha hesabu. Mgonjwa aliyelazimika kwenda India alilipa upasuaji, na juu yake tiketi mbili za ndege, viza, nyumba ya kupanga na wiki kadhaa za msindikizaji asiyefanya kazi. Akipata tatizo mwezi wa tatu baada ya kurejea, daktari aliyempasua yuko ng'ambo ya bahari.

Sasa ankara. Kabla ya upasuaji kuna gharama za kumuona daktari bingwa, picha za mionzi, vipimo vya damu na, kwa watu wazima wengi, kipimo cha moyo. Siku ya upasuaji kuna chumba cha upasuaji, dawa za usingizi au ganzi ya uti wa mgongo, dawa za kuzuia maambukizi na damu ya akiba. Baada yake kuna siku za kulala wodini, dawa za maumivu, dawa za kuzuia damu kuganda na mazoezi tiba. Lakini kwa kawaida mstari mzito kuliko yote ni mmoja: kipandikizi chenyewe, kile ambacho wagonjwa hukiita "chuma".

Kwa nini chuma hicho ni ghali? Kwanza, hutoka nje na hununuliwa kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi ikiyumba, bei nayo huyumba. Pili, kuna jambo ambalo mgonjwa halioni. Daktari hukadiria saizi kwa kutumia picha za mionzi, lakini saizi kamili huthibitishwa mgonjwa akiwa mezani. Kwa hiyo siku ya upasuaji msambazaji huweza kulazimika kuleta makasha yenye saizi zote pamoja na vifaa vya kupachikia, hospitali ikatumia seti moja na kurudisha zilizobaki. Mtaji uliolala kwenye makasha hayo, usafirishaji wake na utakasaji wa vifaa vyake vyote vimo ndani ya bei ya kile kimoja kilichobaki mwilini. Hospitali inayofanya upasuaji mara moja kwa mwezi hubeba mzigo huo kwa uzito zaidi kuliko inayofanya kila wiki.

Tatu ni aina. Hapa ndipo mgonjwa ana haki ya kuuliza, na ndipo wengi hunyamaza kwa kudhani kuwa kuuliza bei ni utovu wa adabu. Zipo nyonga zinazoshikizwa kwa saruji ya mfupa na zipo zinazosubiri mfupa ukue na kuzishika. Zisizo na saruji kwa kawaida huwa ghali zaidi, ilhali kumbukumbu za kitaifa za nchi kadhaa zinaonesha kuwa kwa mtu aliyevuka miaka 70 zile za saruji hufanya kazi vizuri, mara nyingi kuliko wenzake. Kichwa cha kauri huwa ghali kuliko cha chuma. Kwa kijana mwenye miaka mingi mbele yake, plastiki iliyoimarishwa isiyosagika haraka inaweza kustahili nyongeza ya bei. Kwa bibi wa miaka 82 aliyevunjika shingo ya paja na ambaye alikuwa akitembea ndani ya ua tu, daktari anaweza kuona kuwa nusu nyonga, ambapo kikombe chake mwenyewe huachwa, inamtosha. Swali la kumuuliza daktari ni hili: kwa umri na shughuli za mgonjwa huyu, nyongeza ya bei inanunua nini? Daktari mzuri hujibu bila kukasirika.

India ilichukua njia ya moja kwa moja zaidi. Agosti 2017, mamlaka yake ya kudhibiti bei za dawa iliweka ukomo wa bei za vipandikizi vya goti. Aina ya kawaida ya kobalti na kromu, ambayo wastani wa bei yake ulikuwa takribani rupia 158,000, iliwekewa ukomo wa rupia 54,720 kabla ya kodi. Wakosoaji walitahadharisha kwamba hospitali zingeweza kufidia kwa kupandisha ada nyingine, na hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, kwani kubana mstari mmoja wa ankara hakuzuii mistari mingine kunenepa. Hata hivyo hatua ile ilionesha wazi jinsi pengo kati ya bei ya kuingiza bidhaa na bei anayolipa mgonjwa linavyoweza kuwa pana.

Tanzania haina kiwanda cha vipandikizi vya nyonga wala soko kubwa kama la India, hivyo ngazi yetu ya kujadiliana bei ni tofauti. Nguvu yetu iko katika kununua kwa pamoja. Bohari ya Dawa (MSD) imekwisha kupewa na Jumuiya ya SADC jukumu la kuratibu ununuzi wa pamoja wa bidhaa za afya, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndiyo yenye dhamana ya ubora wa vifaa vinavyoingia. Iwapo hospitali zetu zitakubaliana kutumia aina chache za vipandikizi badala ya kila bingwa kuagiza ile aliyoizoea alikosomea, idadi ya kila aina itaongezeka na hoja ya kushusha bei itakuwa na uzito mezani. Si jambo jepesi. Daktari hufanya vizuri zaidi kwa vifaa alivyovizoea, na kumbadilishia bila mafunzo kunaweza kumgharimu mgonjwa zaidi ya kilichookolewa.

Turudi kwa familia, tukianza na bima. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) aliye katika ajira rasmi huchangia asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa yeye na nusu ikitolewa na mwajiri, na mchango huo humlinda yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Wategemezi hao wanaweza kuwa watoto au wazazi. Watumishi wengi hujaza nafasi zote kwa watoto mapema, kisha mama anapoanza kuchechemea ndipo wanapogundua kuwa nafasi hakuna. Mtoto aliyevuka umri wa utegemezi naye huachwa kwenye orodha kwa kusahau, wakati angeweza kumpisha bibi yake. Kupitia orodha ya wategemezi kila mwaka ni kazi ya dakika chache, na kwa familia yenye mzee mwenye magoti mabovu inaweza kuwa na thamani ya shamba zima.

Kadi mkononi haitoshi. Kila mpango una kitita chake cha mafao, na baadhi ya huduma za gharama kubwa huhitaji kibali kabla ya kutolewa. Mvutano uliotokea Machi 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wanachama wake kwa kutoridhika na bei, uliwafundisha wengi kwamba kadi iliyokubaliwa mwezi uliopita si lazima ikubaliwe mwezi huu. Kwa hiyo yapo mambo matatu ya kuthibitishwa kwa maandishi kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa: je, upasuaji wenyewe unalipiwa, je, kipandikizi kinalipiwa chote au hadi kiwango fulani, na je, mazoezi tiba baada ya kuruhusiwa yamo? Tofauti kati ya bei ya kipandikizi na kiwango cha bima ndiyo inayowashtua watu saa ya kwenda chumba cha upasuaji.

Kwa walio nje ya ajira rasmi hali imekuwa ngumu zaidi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi, lakini huduma zake zilikomea ngazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, ilhali nyonga na goti bandia hufanyika zaidi juu ya ngazi hiyo. Vifurushi vya hiari navyo, popote duniani, huweza kuweka muda wa kusubiri kabla ya mwanachama mpya kupata upasuaji mkubwa, ili watu wasijiunge siku wanayougua. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 ina uzito katika mjadala huu. Inalenga kumwingiza kila mkazi katika bima na kuunda chanzo cha fedha kwa wasio na uwezo. Kwa mgonjwa wa nyonga, hata hivyo, swali litabaki kuwa la kitita: je, kipandikizi kimo ndani ya mafao yake, na kwa kiwango gani? Mwananchi anayesoma matangazo ya utekelezaji afike hadi ukurasa huo.

Upo pia mlango wa msamaha. Sera ya nchi inatambua haki ya wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kutibiwa bila malipo, na kila hospitali kubwa ya umma ina maofisa ustawi wa jamii wanaopokea maombi. Lakini tuseme ukweli: msamaha wa ada ya kitanda na upasuaji ni rahisi kutolewa kuliko msamaha wa chuma ambacho hospitali yenyewe inapaswa kumlipa msambazaji. Familia inayoomba msamaha iulize mapema unahusu nini na hauhusu nini, na iende na barua ya serikali ya mtaa au kijiji mkononi. Kurudi Songea kufuata barua ni nauli nyingine.

Kambi za madaktari bingwa nazo zimewafikia wengi, na pale vipandikizi vinapotolewa kama msaada, ankara hushuka kwa kiasi kikubwa. Ushauri mmoja kwa anayepata nafasi hiyo: aulize nani atamwona baada ya kambi kuondoka. Kidonda kikianza kutoa maji wiki ya tatu, anahitaji daktari aliye karibu na anayejua ni aina gani ya kiungo iliyopo mwilini.

Kidonda kinatufikisha kwenye gharama inayotisha kuliko zote, yaani maambukizi. Hutokea kwa wachache, lakini yakikifikia kipandikizi, mara nyingi kiungo hutolewa, mgonjwa hukaa wiki kadhaa akitumia dawa, kisha huwekewa kingine. Familia hulipa zaidi ya mara mbili. Sehemu ya kinga iko hospitalini, lakini sehemu iko nyumbani: kudhibiti kisukari miezi kadhaa kabla, kung'oa au kutibu jino bovu, kuponya vidonda vya miguu, kuacha sigara. Mgonjwa anayefika na sukari au shinikizo la damu lililopanda huahirishwa, na hivyo ndivyo inavyopasa, ila ndugu zake hulipa tena nyumba ya wageni na nauli.

Kuna gharama ambazo hazimo kwenye ankara yoyote. Mgonjwa wa nyonga hapandi bodaboda wala hakunji miguu kwenye kiti cha kati cha daladala. Safari ya kurudi nyumbani inahitaji gari lenye nafasi. Kwa wiki za mwanzo hapaswi kuketi chini sana, na hapa maisha yetu ya kawaida hugongana na maelekezo ya daktari. Choo cha kuchuchumaa hakimfai. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kwa fedha kidogo, lakini kitengenezwe kabla hajatoka wodini. Kigoda cha jikoni kipumzishwe. Anayeswali aswali juu ya kiti hadi atakapoelekezwa vingine. Kitanda kiinuliwe, mikeka inayoteleza iondolewe, na awepo mtu wa kumhudumia kwa takribani wiki sita, mtu ambaye naye ana duka, darasa au shamba lake. Mazoezi tiba yatafutwe hospitali ya wilaya iliyo karibu, kwa kuwa goti bandia lisilokunjwa mapema hukakamaa, na fedha zote zilizotangulia huwa zimenunua mguu ulionyooka kama mti.

Wapo watakaouliza kama upasuaji wenyewe ni wa lazima. Kwa goti, si kila maumivu yanahitaji chuma. Utafiti umeonesha kuwa kila kilo moja anayopunguza mtu mwenye uzito mkubwa huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Mazoezi ya misuli ya paja, fimbo na dawa za maumivu zinazosimamiwa na daktari huweza kusogeza mbele upasuaji kwa miaka. Tena, takribani mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti hubaki na maumivu ya kiasi, jambo ambalo linapaswa kusemwa kabla ya fedha kutolewa. Kwa nyonga iliyoporomoka mambo ni tofauti: kuchelewa sana humaliza misuli, hufupisha mguu na kuharibu mgongo, na upasuaji wa baadaye huwa mgumu zaidi. Kwa huyu, miaka mitatu ya kununua dawa za maumivu, dawa za miti shamba na mafuta ya kuchua inaweza kumeza sehemu kubwa ya fedha ambazo zingelipia upasuaji, huku zile za maumivu zikidhuru figo na tumbo.

Jambo la mwisho ni dogo na halina gharama. Kila kipandikizi huja na stika zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo, ambazo hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Siku ya kuruhusiwa, familia iombe nakala au kuzipiga picha kwa simu, na kuzihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiwanja. Miaka 15 baadaye, plastiki ikichakaa, daktari mwenye namba hizo anaweza kubadilisha plastiki peke yake. Asiye nazo huenda akalazimika kutoa chuma chote na kuanza upya.